Mradi wa shea isiyosafishwa: mguu wa kushoto dhidi ya wa kulia

Kabla ya kuanza

Naanza hii shajara kwa sababu kila anayeongelea shea, yale mafuta mazito yanayotoka kwenye kokwa za mti wa shea, anaisifia mpaka unahisi inalipa hadi madeni. Inalainisha, inafuta makovu, inang'arisha, inakinga jua, inatoa michirizi, na ukiuliza umejuaje unaambiwa we tumia tu utaona. Haya, tuone basi, ila tuone kwa mpangilio.

Ngozi yangu ni ile ya kupauka miguuni. Muundi ukipitisha ukucha unabaki mstari mweupe, visigino vina magaga, viwiko vigumu kabisa. Uso ni kesi nyingine, paji na pua vinatoa mafuta halafu mashavu yanavuta, kwa hiyo uso nimeuweka pembeni kwanza, nitaufikia.

Miguu ndo maabara yangu. Wa kushoto napaka shea nikitoka tu kuoga, nimejigusagusa taulo isichuruzike lakini ngozi bado ina unyevu. Wa kulia napaka shea ileile, kiasi kilekile, ila nasubiri ukauke kabisa kwanza, navaa nusu, nafanya mambo yangu, ndo napaka. Sabuni ni moja, maji ni yaleyale, losheni nyingine yoyote marufuku miguuni. Maana swali langu sio kama shea ni nzuri au mbaya, hilo watu wamebishana wamechoka, nataka kujua inapakwa saa ngapi.

Kuikagua kabla ya kuipaka

Mti wenyewe unaitwa kitaalamu Vitellaria paradoxa, unaota kwenye ukanda mkavu chini ya Sahara kuanzia Senegal huko magharibi mpaka Sudan Kusini, Ethiopia na kaskazini mwa Uganda. Ukisoma lebo ya krimu za dukani hulikuti hilo jina, unakuta Butyrospermum parkii, ni jina la zamani la mti huohuo, limetoka kwa Mungo Park, yule Mskoti aliyepita Afrika Magharibi miaka ya 1790. Kwa hiyo usichanganyikiwe, ukiliona hilo jina ujue ni shea. Na angalia limekaa wapi kwenye orodha, viungo vinapangwa kuanzia kilicho kingi, sasa likiwa mwishoni kabisa baada ya manukato hapo umenunua manukato.

Kuna aina mbili na zinatofautiana ukizishika. Ya magharibi ni ngumu, inakatika vipande, ina asidi ya steariki nyingi, ile inayofanya mafuta yawe magumu. Ya mashariki, inaitwa nilotica, ina oleiki nyingi zaidi, asidi nyingine ya mafuta, kwa hiyo ni laini, kwenye joto kidogo tu inakuwa rojo. Mi natumia ya magharibi kwenye huu mradi, ila nimeshaishika ile nyingine na kama ngozi yako haipendi kusuguliwa nilotica itakufaa zaidi, inateleza yenyewe.

Rangi isikusumbue sana. Isiyosafishwa inakuwa krimu, au kijivu kwa mbali, au kahawia nyepesi hivi. Ile ya njano kali wengi wanaiona ndo "original" kuliko zote, kumbe mara nyingi hiyo njano imetokana na mzizi wa mmea mwingine waliouchemsha pamoja nayo, si ubaya, lakini pia si ushahidi wa ubora. Nyeupe pee isiyo na harufu hata chembe, hiyo imesafishwa, imepaushwa na kuondolewa harufu kiwandani. Haimaanishi ni feki, inalainisha vilevile, ila baadhi ya vile vitu vya ziada vimepungua huko njiani.

Harufu ndo kipimo changu kikuu. Isiyosafishwa ina harufu ya njugu na moshi, na huo moshi una sababu: matunda yakidondoka yanaokotwa, nyama inatolewa, kokwa zinachemshwa, zinakaushwa, zinavunjwa, zinakaangwa, zinasagwa mpaka uji mzito wa kahawia, halafu uji unakandwa kwa mikono na maji mpaka mafuta yanajitenga na kupanda juu yakiwa meupe-meupe, yanaopolewa, yanachemshwa tena maji yaishe, yanachujwa. Kazi nzito na wanaoifanya kwa kiasi kikubwa ni wanawake. Mti wenyewe unachukua miaka kama 15 hadi 20 kabla ya kuzaa vizuri, yaani huwezi kusema utapanda leo uvune kesho kutwa. Kwa hiyo harufu ya moshi sawa, harufu ya njugu sawa. Harufu inayochoma pua, ya rangi za kupaka ukuta au ya mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa sana, hapana, hiyo imeshachacha, usiipake hata kisiginoni.

Kipimo cha ngozi

Hapa naenda haraka. Paka kidogo ndani ya kiwiko, acha siku moja mpaka mbili, angalia wekundu, muwasho, vipele. Kwangu kimya. Wenye aleji ya njugu na kokwa waongee na daktari kwanza, shea ina protini kidogo mno lakini aleji sio kitu cha kubahatisha ukiwa peke yako bafuni.

Miguu, awamu ya kwanza

Cha kwanza kujifunza ni namna ya kuichukua. Hii kitu ukiikomba kwenye kopo na kuipeleka moja kwa moja mguuni inakokota, inavuta vinyweleo, unajikuta unasugua kwa hasira. Shea ngumu inayeyuka kwenye nyuzi 30 na kitu kuelekea 40, na ngozi ya nje huwa na nyuzi 32 hadi 34 hivi, yaani zimekaribiana lakini hazijakutana vizuri. Msuguano ndo unamalizia kazi. Kwa hiyo nachukua kipande kidogo, kama punje ya mahindi kwa muundi mmoja, nakibana katikati ya viganja, nasugua viganja mpaka nisikie vimeteleza kabisa hakuna bonge, ndo nabandika mguuni kwa kukandamiza, sio kuburuta. Ukiona mguu unang'aa kama umepigwa varnishi umezidisha, na suruali itakwambia.

Kwenye ngozi yenye unyevu mwanzoni inaudhi, inatengeneza kitu cheupe-cheupe juu ya ngozi, unadhani imekataa. Endelea kukandamiza, ule weupe ni maji na mafuta vinagombana, baada ya dakika chache unaondoka wenyewe.

Matokeo ya awamu hii yalikuwa wazi kuliko nilivyotegemea. Mguu wa kulia, ule wa kupakwa mkavu, asubuhi unang'aa vizuri tu, picha ukipiga huoni tofauti. Jioni ndo mambo yanajitokeza, ukipitisha ukucha mstari mweupe upo palepale, na ukiangalia kwa karibu ule mng'ao umekaa juu ya magamba madogo madogo, yaani kupauka kumepakwa mafuta. Wa kushoto jioni ukucha unapita bila kuacha kitu. Sio kwamba ni laini kama wa mtoto, tusidanganyane, lakini haupauki.

Kwa nini iko hivyo

Shea haina maji ndani yake. Hata tone. Ni mafuta matupu, na sehemu kubwa ni hizo asidi mbili nilizotaja, steariki na oleiki, zikiwa pamoja zinafika kama asilimia 85 au zaidi. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi, yanajaza nyufa kati ya seli zilizokauka na kuweka kizuizi ili maji yaliyopo yasitoroke upesi. Sasa ukipaka kwenye ngozi iliyokauka umezuia nini? Umefunga mlango wa nyumba ambayo watu wameshatoka.

Hicho ndo kitu ambacho wanaosifia shea hawakisemi, na wanaoiponda pia hawakisemi. Mtu anapaka muda mrefu baada ya kuoga, anaona hakuna kitu, anasema shea yake ni feki, anatafuta nyingine "original zaidi", anapaka kavu tena, anakasirika tena.

Upekee wake kweli upo lakini ni wa aina nyingine. Mafuta mengi ya mimea sehemu yake isiyogeuka sabuni, yaani vile vitu vilivyomo ambavyo ukitengeneza sabuni havigeuki, haifiki asilimia 2, ya shea inakuwa asilimia kadhaa, mara nyingine inakaribia 10, na humo ndo kuna vile vitu vinavyosemwa kutuliza ngozi iliyowasha, pamoja na vitamini E ambayo kiasi chake kinabadilika kutegemea ilikotoka na ilivyotengenezwa. Baadhi ya hivyo vitu vinanyonya kiasi kidogo cha miale ya jua, na hapo ndo uvumi wa "shea inakinga jua" ulipozaliwa. Kinga yake ni ndogo sana, haitoshi, paka sanskrini yako juu kama kawaida.

Magaga

Hapa shea peke yake imenishinda na naandika wazi. Kisigino kilichopasuka kina ngozi nene iliyokufa, na mafuta ukiyaweka juu ya hiyo ngozi yanalainisha juujuu, kesho imerudi. Kilichosaidia ni mpangilio: miguu kwenye maji ya vuguvugu kidogo, jiwe la kusugulia taratibu bila kutafuta damu, halafu shea nyingi kuliko ya muundi, soksi za pamba, kulala. Hapo mpasuko unafunga. Kwa gaga sugu krimu yenye yurea inafanya kazi ambayo shea haiwezi, ile inalegeza ngozi nene yenyewe, kisha shea unaipaka juu kufunga. Na kama mpasuko unatoa damu, au una kisukari, usicheze na jiwe, nenda kwa mtaalamu.

Viwiko vimekubali haraka kuliko vyote, sijui niseme nini zaidi, vimelainika basi.

Makopo mawili

Sehemu niliyoifurahia. Watu wengi wanalalamika shea yao ina chembechembe, wanadhani imechakachuliwa au imeharibika, wanaitupa. Nikaamua kuzitengeneza hizo chembe makusudi nizione.

Nimeyeyusha shea kwenye bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji ya moto, moto mdogo, sio kwenye jiko moja kwa moja. Ilipoisha kuwa na mabonge sikuitoa hapohapo, nimeiacha kwenye joto hilo muda kidogo, maana ikionekana imeyeyuka kwa macho bado kuna fuwele ndogo, yaani vipunje vilivyoganda, ambazo huzioni. Nikaichuja kwa kitambaa (kuna vumbi jeusi la kokwa limebaki chini, kawaida), nikagawa makopo mawili yanayolingana. Moja nimeliacha mezani lipoe lenyewe. Lingine limeenda moja kwa moja kwenye friji.

La friji limeganda sawasawa, rangi moja, ukipitisha kijiko linakatika laini. La mezani lilianza na vidoti vyeupe chini ya uso, yaani unaviona vinaelea ndani ya mafuta ambayo bado ni kimiminika cha njano hafifu, vikakua, vikashikana, kesho yake ukichukua kidogo na kusugua kidoleni unasikia punje. Shea ileile! Punje zikipata joto la ngozi zinayeyuka, hazina madhara yoyote, ni kero ya vidole tu.

Sababu ni kwamba mafuta yenye steariki nyingi yanaganda mapema kuliko yale mengine. Ukipooza taratibu unayapa nafasi ya kujitenga na kutengeneza fuwele kubwa, ukipooza haraka yote yanaganda yakiwa yamechanganyika. Ndo maana hata kopo zuri ukiliacha mahali pa joto likawa linayeyuka mchana na kuganda usiku, baada ya muda litakuwa na punje. La mezani nimeliyeyusha upya, nikalipeleka friji, punje zimeisha, kwa hiyo usitupe.

Kuipiga mikseri

Shea ngumu asubuhi na haraka haviendani, kwa hiyo nimetengeneza ya kupigwa. Shea gramu 200, mafuta ya jojoba gramu 50, vitamini E gramu 2. Pima kwa mizani, vijiko vinadanganya kwa vitu vinavyoganda. Ukiwa na mafuta mengine mepesi sawa, alizeti, ufuta, ila jojoba haichachi upesi.

Yeyusha shea, changanya jojoba, weka friji mpaka ikianza kuwa na ukungu na kingo zimeshika lakini katikati bado inatikisika. Hapo ndo inapigwa. Ikiwa bado maji haishiki hewa, ikishakuwa jiwe mikseri inalia tu. Vitamini E inaingia hapa ikiwa imepoa. Piga, simama, kwangua kuta za bakuli, rudisha friji kidogo, piga tena mpaka inasimama yenyewe kwenye kijiko. Wanaochukia ule utelezi waweke wanga wa mahindi kijiko kimoja cha chai, unapunguza mng'ao, mi nimeuona mguuni unafaa mikononi haufai.

Vitamini E inachelewesha mafuta kuchacha, basi. Haizuii bakteria wala kuvu. Hii nairudia kwa sababu kuna mapishi yanazunguka ya kuchanganya shea na maji ya waridi au jeli ya alovera halafu mtu anaandika "nimeweka vitamini E kama preservativu". Ukishaingiza maji umeshafungua hoteli ya vijidudu, hapo unahitaji kihifadhi cha kweli kilichopimwa vizuri. Mi nimebaki bila maji kabisa, na vidole vyenye maji haviingii kwenye kopo, kijiko kikavu tu.

Limao sikuweka na sitaweka. Mafuta ya limao yaliyokamuliwa bila joto yakikutana na jua juu ya ngozi yanaweza kuacha alama nyeusi ambazo utazitafutia dawa nyingine. Mafuta mengine ya harufu kama lavenda watu wanaweka chini ya asilimia 1 au 2, mimi harufu ya moshi nimeshaizoea.

Uso

Mashavu nimeyapaka usiku, kiasi kidogo kabisa, baada ya kunawa na bila kukausha, na yameacha kuvuta. Paji sijapaka na sina mpango. Kuna fangasi wa kawaida wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu, Malassezia, wanakula asidi za mafuta za aina hii hii iliyomo kwenye shea. Kama una vile vipele vidogo vinavyolingana vyote na vinawasha, kwenye paji au mgongoni, au una mba inayoshuka mpaka kwenye nyusi, kuvilisha mafuta ni kuwapikia wageni ambao hukuwaalika. Chunusi za kawaida ni suala jingine. Utakuta watu wanataja kiwango cha kuziba vitundu vya ngozi, shea eti 0 mpaka 2 kati ya 5, lakini vile viwango chimbuko lake ni vipimo vya zamani kwenye masikio ya sungura, havikuambii shavu lako litafanyaje. Jaribu sehemu ndogo karibu na taya, subiri wiki kadhaa, amua.

Makovu na michirizi? Kovu langu la goti liko vilevile, limelainika juu, rangi ileile. Na ngozi haijawa nyeupe, wala haikutakiwa.

Hali ilivyo sasa

Jaribio la mwanzo nimelifunga, mguu wa kulia umeonewa vya kutosha. Nimeuhamishia kwenye utaratibu wa kushoto na ndani ya muda mfupi ukucha umeacha kuandika, hapo nikaridhika kwamba haikuwa bahati ya mguu mmoja.

Kopo kubwa liko kabatini, giza, mbali na jiko, na tarehe nimeandika kwenye mfuniko. Ikitunzwa hivi inakaa mwaka mpaka miwili, na kabla ya kila matumizi nanusa. Ile ya mikseri nimeweka kwenye kopo dogo kwa sababu likikaa kwenye joto hewa inatoka na unabaki na nusu kopo.

Kinachofuata: kushoto maji na shea kama kawaida, kulia gliserini iliyochanganywa na maji, sehemu 1 kwa 9, inapulizwa kwanza halafu shea juu yake. Gliserini inavuta maji, shea inayafunga, kwa nadharia wa kulia unatakiwa kushinda. Chupa ya kupuliza nimeshaiosha, mchanganyiko natengeneza mdogo wa kutumia siku hiyohiyo maana nao una maji na hauna kihifadhi, na soksi zote mbili zitakuwa za kitambaa kimoja.